Ua wangu ni mchanga mtupu: nianzie wapi bustani ya pamakalcha?

"Habari mtaalamu. Naishi Kibada, Kigamboni, kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 25. Nyumba iko katikati, paa la bati. Ua wote ni mchanga. Kila asubuhi unafagiwa, majani tunayachoma kwenye shimo nyuma ya nyumba. Tuna mwembe mmoja mkubwa, minazi miwili na kuku wa kienyeji kama 12. Kisima chetu maji yake yana chumvi kidogo. Nimeona video nyingi za pamakalcha nikatamani na mimi. Mwaka jana nilinunua kirikuu mbili za udongo mweusi nikapanda mchicha na nyanya. Mchicha wa kwanza ulitoka vizuri, wa pili ukadumaa, nyanya zikanyauka zote. Sasa mume wangu anasema tuweke pevingi tumalize, na jirani anasema matandazo, yale majani ya kufunika udongo, yataleta nyoka. Je, ardhi hii inafaa kweli? Ninunue udongo mwingine? Gharama zake zikoje?"

Dada yangu, nianze na jibu lenyewe: ardhi yako inafaa kwa pamakalcha, yaani bustani inayopangwa ili kila kitu kimlishe mwenzake, na udongo mwingine usinunue. Katika maelezo yako yote, kilichonisimamisha si mchanga wala chumvi ya kisima. Ni yale maneno machache uliyoyapitia haraka, kwamba ua unafagiwa kila asubuhi na majani yanachomwa. Shida yako kubwa iko hapo, na kuirekebisha hakuhitaji fedha.

Mwembe mkubwa kazi yake si kutoa maembe tu. Mizizi yake inashuka mita kadhaa, inachota potasiamu, kalsiamu na madini mengine ambayo mchicha hauwezi kuyafikia, inayapandisha mpaka kwenye jani, kisha jani linaanguka. Ndivyo mti unavyorudisha mali juu ya ardhi. Sasa ufagio wa chelewa ukipita alfajiri, jani linaishia shimoni na kiberiti kinawashwa. Karibu naitrojeni yote na kaboni yote inaondoka na moshi. Kinachobaki ni majivu, nayo yamelundikana mahali pamoja pasipo na mmea wowote. Ukifanya hivyo miaka na miaka, ua unakuwa kama duka linalouza kila siku na halijawahi kuingiza mzigo.

Fanya jaribio hili leo. Chota konzi ya mchanga katikati ya ua. Kisha tafuta kona ambayo ufagio haufiki, labda nyuma ya shina la mnazi au pembeni mwa ukuta ambako majani yamejikusanya yenyewe, uyasogeze na uchote konzi nyingine chini yake. Lowanisha zote mbili, finya, halafu fungua kiganja. Ile ya kwanza itamwagika kama sukari. Ya pili itashikana kidogo, rangi yake itakuwa imeiva, na ukiinusa utasikia harufu ya ardhi iliyonyeshewa. Ni mchanga uleule wa Kibada, tofauti ni kwamba mmoja ulikuwa unakula.

Punje za mchanga ni kubwa na zina nafasi pana katikati, kwa hiyo maji yanapita kama kwenye chujio na mbolea inashuka nayo. Mchanga hatuwezi kuugeuza kuwa mfinyanzi, lakini tunaweza kuuwekea mboji, yaani majani na samadi vilivyooza, ambayo inashika maji kama sponji na kushikilia chakula cha mmea kisikimbie. Tatizo la pwani ni kwamba joto na unyevunyevu vinaimaliza mboji upesi sana. Samadi uliyoweka Lushoto au Njombe, kwenye baridi, unaikuta bado inafanya kazi muda mrefu. Kigamboni, baada ya msimu mmoja au miwili umebaki na mchanga wako. Ndiyo maana huku kwetu udongo haulishwi mara moja ukaisha. Unalishwa kidogo kidogo, kila wiki, kama mtu.

Na hapa nieleweke vizuri, sisemi ua uache kufagiwa. Ua uliofagiwa ni heshima ya nyumba, na una faida zake: nyoka unamwona, mtoto anacheza, mgeni anapita bila kukanyaga miiba. Endelea kufagia mbele ya baraza na njia zote za kupita. Ila yale majani yasiende shimoni, yapelekwe kwenye matuta na chini ya miti. Taka za plastiki, pempasi na betri zitengwe kwenye mfuko wake. Majivu ya shimo lile usiyaweke kwenye mboga hata kidogo, kwa sababu naamini plastiki zimeungulia humo pia, na sumu zake zinabaki kwenye majivu.

Kuhusu neno lenyewe. Pamakalcha ilipewa jina Australia miaka ya 1970 na Bill Mollison na David Holmgren, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiingereza, moja la kudumu na moja la kilimo. Maana yake ni kupanga makazi ili kila kitu kimlishe mwenzake: maji ya karo yanyweshe mgomba, mgomba umtilie kivuli mche, kinyesi cha kuku kiende kwenye mboji. Wengi wanadhani ni kuacha nyumba izungukwe na pori. Sivyo kabisa, bustani ya namna hii inapangwa kuliko shamba la kawaida. Wala si kitu kigeni kwetu. Panda Uchagani uone kihamba: juu miti mirefu ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini kabisa magimbi, na ng'ombe yuko zizini samadi yake inarudi kwenye shina la mgomba. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilikitambua kihamba cha kijiji cha Shimbwe Juu kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wa dunia. Na ukivuka kwenda Unguja au Pemba utakuta nyumba ya kijijini ina mnazi juu, mfenesi na mgomba katikati, muhogo na mananasi chini. Hao hawakuona video yoyote.

Sasa ule udongo mweusi wa mwaka jana. Mchicha wa kwanza ulikula akiba iliyokuwemo. Wa pili ukakuta akiba imeliwa na nyingine imeshuka na maji, maana uliumwaga juu ya mchanga na chini hakuna cha kuuzuia. Udongo wa kununua una hatari nyingine pia: hujui umechimbwa wapi. Nimeona watu wakiletewa magugu ya ndago ndani ya kirikuu, na ndago ikishaingia kwako utaipalilia mpaka uchoke. Magonjwa ya nyanya nayo husafiri hivyohivyo.

Kwa hiyo kabla hujapanda nyanya tena, ujue zile zilikufa na nini. Panda mche mmoja au miwili ya majaribio palepale. Ukinyauka ghafla huku majani bado ni ya kijani, kata kipande cha shina karibu na ardhi na ukishikilie wima, ncha ya chini iguse maji safi kwenye glasi, bila kutikisa. Subiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko bakteria. Hauna dawa ya kunyunyizia. Hapo usipande nyanya, biringanya, pilipili wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa. Weka mchicha, mahindi, kunde. Maji yakibaki safi, ng'oa mizizi uitazame. Ikiwa imevimba vinundu vinundu kama shanga, ni minyoofundo, yaani minyoo wadogo wa kwenye mizizi, na hao hupungua udongo ukipata mboji nyingi. Mizizi ikiwa mizima kabisa, mshukiwa wangu ni chumvi.

Chumvi hufanya hivi. Mzizi hunywa kwa sababu ndani yake maji yana chumvi zaidi kuliko nje. Ukimwagilia maji ya kisima chako mwezi Januari, jua linayavukisha na chumvi inabaki pale juu ya ardhi. Kesho unamwagilia tena, inaongezeka. Baada ya wiki kadhaa nje kumekuwa na chumvi kuliko kawaida, mzizi unashindwa kuvuta, na mmea unakufa kiu huku umesimama kwenye tope. Ukiona ncha na kingo za majani zimeungua kahawia, au utando mweupe juu ya mchanga, ndiyo dalili zake. Masika husafisha, kwa sababu mvua kubwa huisukuma chumvi chini. Kwa sasa, miche yote michanga imwagilie maji ya mvua au ya bomba, na maji ya kisima yaende kwa mimea inayovumilia. Mnazi unavumilia sana, spinachi nayo inavumilia, mchicha kwa kiasi. Maharage, vitunguu na jamii ya malimao vinaumia mapema. Parachichi liache kabisa, nitakuwa nakudanganya nikikwambia utalifaidi hapo.

Ukitaka kujua una maji kiasi gani, tazama juu. Mvua ya milimita moja kwenye eneo la mita moja ya mraba ni lita moja. Tuseme paa lako ni mita za mraba 90: mvua moja nzuri ya milimita 20 inakupa lita 1,800, na hata zikipotea kadhaa kwenye gata utapata kama 1,500. Dar es Salaam kwa mwaka hupata milimita 1,000 na ushee. Piga hesabu, ni zaidi ya lita 70,000 zinazoanguka kutoka kwenye bati lako na kukimbilia barabarani. Simtank ya lita 1,000 inajaa kwa mvua moja, na hiyo ni akiba ya miche. Maji mengine yote ghala lake ni ardhi, ndiyo maana nasisitiza mboji. Tanki lifunikwe na mdomo wake uwekwe wavu mwembamba. Dar imepata milipuko ya dengue 2014 na tena 2019, na mbu wake anazaliana kwenye maji safi yaliyotuama nyumbani, hata kwenye kopo.

Vuli iko karibu. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, vaa koti utoke nje. Tazama maji yanaingia kiwanjani upande gani, yanatuama wapi, yanatokea wapi, na uchomeke vijiti. Dakika 20 za mvua zitakueleza zaidi ya ramani yoyote ninayoweza kukuchorea nikiwa mbali.

Baada ya hapo anza na tuta moja. Moja tu, hatua chache kutoka mlango wa jikoni. Nasema jikoni kwa sababu mboga unayopita mara kumi kwa siku ndiyo unayoimwagilia, ndiyo unayoona kiwavi wake asubuhi. Kwenye video umeona matuta yaliyoinuliwa. Hayo yanafaa mahali panapotuama maji. Kwenye mchanga, tuta lililoinuliwa linakauka kama jiko, kwa hiyo lako liwe la kuzama. Pima upana wa mita moja na robo, ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili bila kukanyaga, na urefu wa mita tatu au nne. Chimba sentimita 40 hivi, mchanga uuweke kando. Chini panga makumbi ya nazi, sehemu ya nyuzinyuzi ikitazama juu. Wauza nazi wanayatupa, waombe. Loweka makumbi usiku kucha kwenye diaba kabla ya kuyazika, maana makavu yatanyonya maji ya mimea badala ya kuyatunza. Juu yake weka majani ya mwembe na mabaki ya jikoni, kisha rudisha mchanga uliochanganywa na mboji, ndoo mbili za mchanga kwa moja ya mboji. Acha uso wa tuta uwe chini ya usawa wa ua kwa upana wa viganja viwili. Mwisho funika na matandazo. Liache wiki mbili litulie ndipo upande.

Mboji hiyo utaitengeneza mwenyewe, na kuku wako 12 ni utajiri. Lakini kinyesi cha kuku kibichi ni kikali mno. Nilipokuwa kijana kazini niliweka kinyesi kibichi kwenye mashimo ya mipapai 20, nikifikiri nawafanyia hisani wenye shamba. Ndani ya wiki moja mipapai 17 ilikuwa imeungua kuanzia mizizi. Bado nayakumbuka yale majani yaliyolegea kama yamemwagiwa maji ya moto. Kwa hiyo changanya kwanza: vikapu vitatu vya vitu vikavu, yaani majani ya mwembe, makuti yaliyokatwakatwa, mabua, kwa kikapu kimoja cha kinyesi, maganda na majani mabichi. Lundo liwe na kimo na upana wa mita moja hivi, vinginevyo halipati joto. Nyunyiza maji mpaka ukifinya konzi ihisi kama kitambaa kilichokamuliwa. Chomeka kipande cha nondo katikati. Siku ya tatu au ya nne kichomoe ukishike. Kikiwa cha moto mpaka unakiachia, vijidudu wako kazini. Kikiwa baridi, lundo limekauka au halina kinyesi cha kutosha. Geuza kila baada ya wiki mbili, na baada ya miezi mitatu utakuwa na kitu cheusi kisichonuka. Lundo likikaa chini ya mwembe halikaushwi na jua, na pale chini mboga hazistawi hata hivyo.

Ukipata maranda ya seremala, yatumie juu tu kama matandazo, usiyachimbie ndani. Vijidudu wanaoyaozesha wanahitaji naitrojeni, na wakiikosa kwenye maranda wanaichukua kwenye udongo, mimea inageuka njano. Mbao zilizotiwa dawa, maranda yake usiyaguse.

Maji ya karo la vyombo na ya kufulia yana mahali pake. Chimba shimo la mviringo la upana wa mita mbili, kina cha kufika gotini au zaidi kidogo, ulijaze matawi chini, majani na mabaki juu, ukingo wake uinuliwe kwa ule mchanga uliotoka. Pandikiza migomba minne au mitano kuzunguka ukingo, mpapai mmoja au miwili, na magimbi katikati yake. Bomba la karo limwage ndani. Mgomba una kiu na una njaa, utamaliza vyote. Maji hayo usimwagilie mboga za majani, hasa zinazoliwa mbichi, na sabuni ya unga usiizidishe kwa sababu sodiamu yake ni chumvi nyingine juu ya uliyo nayo.

Hapa niseme jambo ambalo hukuuliza. Kisima na shimo la choo hushauriwa viachane mita 30, na kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 25, huku majirani nao wana mashimo yao, umbali huo ni mgumu kuupata. Shimo la migomba liwe upande ulio mbali na kisima. Maji ya kisima usioshee kachumbari wala usinywe bila kuchemsha. Juu na kandokando ya shimo la choo usipande mboga za majani wala viazi, na mti wenye mizizi mikubwa usiusogeze hapo, utalipasua.

Jirani yako naye nisimdharau, hofu ya nyoka si ya kuchekwa. Ila nyoka hafuati majani. Anafuata panya, vyura, mayai na vifaranga, na anajificha kwenye rundo la matofali, kuni, mabati ya zamani na mashimo. Matandazo ya unene wa vidole vinne hayamfichi nyoka mkubwa. Lundo la tofali zilizobaki kwenye ujenzi linamficha vizuri kabisa. Ondoa hayo, chakula cha kuku kisilale nje, na uache mita moja ya mchanga uliofagiwa kuizunguka nyumba yote. Mita hiyo inasaidia pia dhidi ya mchwa, maana matandazo yakigusa ukuta wanapata njia ya kupanda kwenye mbao bila kuonekana. Kwenye mashina ya miche nako acha nafasi ya kiganja. Usiku tembea na tochi na viatu vilivyofunika mguu. Mtu akiumwa, asikatwe wala asifungwe kamba, mguu au mkono utulizwe na akimbizwe hospitali.

Kuku hawaruhusiwi kwenye tuta jipya. Kuku mmoja anatosha kulimaliza kwa asubuhi moja. Zungushia fito au wavu, kimo cha kiunoni kinatosha ukiwakata manyoya ya bawa moja. Baada ya kuvuna, waingize siku mbili tatu wale wadudu na mbegu za magugu, halafu watoe.

Msimu huu wa vuli, kwenye sehemu zote za ua utakazokuja kulima baadaye, tawanya kunde na choroko, na pembeni mwa uzio panda mbaazi. Hizi zina bakteria kwenye mizizi wanaochukua naitrojeni hewani. Zikianza kutoa maua ng'oa mmea mmoja wa kunde polepole, uoshe mizizi. Utaona vinundu. Kimoja kinadondoka ukikisukuma kwa ukucha, tofauti na vile vya minyoofundo ambavyo ni mzizi wenyewe umevimba. Kikate. Ndani kikiwa chekundu kama nyama, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, bado au kimezeeka. Mimea ya kunde iliyobaki kata majani yake uyalaze palepale, mizizi ibaki ardhini. Mboga ya kunde utakula, na udongo utakula.

Miti ya matunda ingoje masika, Machi, udongo ukiwa umeanza kushika maji. Mpapai, mstafeli, mpera, mgomba zaidi, na mlonge karibu na jikoni ukatwe mara kwa mara usirefuke. Tangawizi na manjano zitavumilia kivuli cha pembeni mwa mwembe. Mchaichai panda pembeni mwa njia. Miche usiisogeze karibu kwa sababu leo ni midogo. Mstafeli unataka mita nne, na mwembe wa pili hauna nafasi kwako.

Kuhusu pevingi, mume wako ana hoja: anataka usafi na gari lisizame mchangani. Mwambie tuweke pevingi pale gari linapopita tu, mistari miwili ya magurudumu, na mbele ya baraza. Ua wote ukifunikwa, joto la zege litaingia ndani mwenu mpaka usiku, na zile lita 70,000 zote zitaenda kwa jirani au zitarudi mlangoni kwenu wakati wa masika. Mwonyeshe siku ya mvua, mkiwa pamoja barazani, vile vijiti ulivyochomeka. Kiwanja ni chenu wote, na bustani inayogombaniwa huwa haimwagiliwi.

Gharama: majani, makumbi, mboji, mbegu za kunde na machipukizi ya migomba utapata bure au kwa fedha kidogo. Fedha ya kweli inakwenda kwenye gata, tanki na wavu wa kuku. Ukiwa na uwezo wa kimoja, anza na gata na tanki. Na usitegemee bustani hii ikupe unga. Ukitoa nyumba, njia na choo utabaki na labda nusu ya kiwanja, itakayokupa mboga za majani karibu kila siku, mapapai, ndizi, viungo na mayai. Mwaka wa kwanza mavuno ni madogo na wadudu ni wengi, kwa sababu wanaowala bado hawajahamia. Mwarobaini uliotwangwa na kuchujwa husaidia kwa vidukari na viwavi wadogo, lakini haumalizi kila kitu kama wanavyosema, na zipo siku utapoteza tuta zima la mchicha.

Mambo matatu nisingependa uyaamue kwa maandishi yangu tu. Nyanya zikionyesha ule uzi wa maziwa, mwite afisa ugani wa kata yako aje atazame. Ukitaka kuchimba mtaro wowote karibu na msingi wa nyumba, ukuta au shimo la choo, mwite fundi kwanza. Na kama kiwanja hicho kiliwahi kuwa gereji, mahali pa kuchomelea au pa kumwaga betri, usile chochote cha hapo mpaka udongo upimwe madini ya risasi. Upimaji wa udongo unafanyika SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa kilimo kule Tanga. Waulize kwanza vipimo unavyohitaji na gharama. Chota sehemu kumi tofauti za ua, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, anika kivulini, kisha funga nusu kilo kwenye mfuko wenye jina na tarehe. Maji ya kisima peleka kwenye chupa ya lita moja uliyoisuuza kwa maji hayohayo, ijaze mpaka juu, uipeleke ndani ya siku mbili.